Kazi zinazoweza kuleta saratani ya ngozi: Busia na Tororo

Wengi hudhani mtu mweusi hapati saratani ya ngozi. Anapata, ila mara nyingi hujitokeza pasipotazamwa: kwenye nyayo, kiganjani, chini ya kucha au juu ya kovu la zamani. Ndiyo maana hugunduliwa ikiwa imechelewa.

Machimbo ya dhahabu

Wachimbaji wa Tiira, Busia ya Uganda, huonywa sana kuhusu zebaki, na ni haki, kwa sababu inaharibu ubongo na figo. Lakini sumu inayojulikana kuleta saratani ya ngozi ni nyingine: arseniki. Mara nyingi imo ndani ya mawe yaleyale yenye dhahabu, na mawe yakisagwa hutoka na vumbi na maji. Huingia mwilini kwa kunywa na kuvuta hewa, kwa hiyo glavu peke yake hazitoshi. Usinywe maji ya shimoni, nawa kabla ya kula, lowesha mawe kabla ya kuyasaga. Dalili za mwanzo ni viganja na nyayo kuota vinundu vigumu, na ngozi kuwa na madoa meusi na meupe. Saratani yenyewe inaweza kuchukua miaka mingi.

Gereji, lami na saruji

Mwaka 1775 daktari Mwingereza Percivall Pott alieleza kwamba masizi yaliwapa wasafishaji wa mabomba ya moshi saratani ya ngozi ya korodani. Oili chafu ya injini ina kemikali za jamii hiyo. Makanika wa Malaba na Busia, usiweke kitambaa chenye oili mfukoni, wala usinawe kwa petroli, tumia sabuni.

Saruji mbichi huunguza. Kidonda kisichopona kwa miaka kinaweza kugeuka saratani, basi kitibiwe mapema.

Jua

Kwa mwenye ualbino, jua ndilo hatari ya kwanza. Kofia pana, mikono mirefu, na kazi ya kivulini saa za mchana.

Uende wapi

Kidonda kisichopona kwa mwezi mmoja, au doa linalokua, kubadilika rangi au kutoa damu, kionyeshe kituo cha afya. Vituo vya serikali Uganda huwapokea wakimbizi pia. Omba kipande cha nyama kipimwe. Rufaa huweza kukufikisha Taasisi ya Saratani ya Uganda, Mulago. Upande wa Kenya, Hospitali ya Moi, Eldoret.

Sheria za usalama kazini za Uganda (2006) na Kenya (2007) zinamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Usikubali akukate mshahara kwa ajili ya glavu.