Kifusi Kabla ya Taka

Barabara inapokatwa kilimani au kupanuliwa mjini, udongo na mawe hutoka kwa wingi kuliko yanavyoweza kurudishwa. Udongo ukishachimbuliwa hufumuka, na mfinyanzi unaweza kuchukua nafasi kubwa kuliko shimo ulimotoka kwa robo nzima au zaidi. Udongo mweusi wa mbuga, unaovimba masika na kupasuka kiangazi, hauwezi kubeba lami. Huondolewa, moramu ikaletwa mahali pake. Mzigo huo wote unahitaji jina katika mikataba na kanuni, na mfasiri mwenye haraka huuita taka za uchimbaji. Hoja yangu ni kwamba jina hilo linatoa hukumu kabla ya ushahidi. Kitu chenyewe kiitwe kifusi cha uchimbaji, na neno taka lisubiri mpaka masharti yake yatimie. Si suala la kupamba lugha. Tangu mwaka 2021 Kiswahili kimetangazwa kuwa lugha ya sheria za Tanzania, na istilahi itakayoingia kwenye kanuni ndiyo itakayoamua mkandarasi anatakiwa kulipia dampo au kujenga tuta.

Ulaya imelitafakari jambo hili kwa muda mrefu, na inafaa kuangalia ilikofikia. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2008 kuhusu taka linasema taka ni kitu ambacho mwenye nacho anakitupa, anakusudia kukitupa, au analazimika kukitupa. Kinachotazamwa hapo ni uhusiano wa kitu na mwenye nacho. Uchafu wa kitu chenyewe hautajwi. Kwa mantiki hiyohiyo, udongo safi uliochimbuliwa na kutumika katika hali yake ya asili palepale kazini haumo kabisa katika sheria hiyo. Hata lengo la kurejesha matumizini asilimia 70 ya taka za ujenzi na ubomoaji ifikapo mwaka 2020 liliuacha kando udongo na mawe ya asili.

Italia ilikwenda mbali zaidi. Amri ya Rais namba 120 ya mwaka 2017 inaviita vitu hivi terre e rocce da scavo, yaani udongo na miamba ya uchimbaji, na neno taka halimo katika jina. Udongo unaweza kuhesabiwa kuwa zao la ziada la kazi iwapo matumizi yake yana uhakika, hauhitaji kutibiwa zaidi ya taratibu za kawaida za ujenzi, na vipimo vyake viko ndani ya viwango. Lakini heshima hiyo haitolewi bure. Kwenye kazi za mstari kama barabara, sampuli huchukuliwa angalau kila mita 500 za njia. Eneo linalochimbwa likiwa ndani ya mita 20 kutoka barabara kuu, maabara hutakiwa pia kutafuta benzini na jamaa zake pamoja na hidrokaboni zinazotokana na moshi na mafuta ya magari. Viwango navyo vina safu mbili: udongo usiofaa bustanini unaweza kukubalika chini ya uwanja wa kiwanda. Kwenye kazi ndogo, zisizozidi mita za ujazo 6,000, tamko hupelekwa siku 15 kabla ya kuanza kuchimba. Mwishoni hutakiwa tamko jingine, la kuthibitisha kwamba udongo umetumika pale palipoandikwa. Hilo lisipotolewa kwa wakati, mzigo wote unageuka taka papo hapo kisheria, hata kama hakuna punje iliyobadilika. Kwangu huo ndio ushahidi mkubwa: sheria kali kuliko nyingi inahitaji majina mawili, moja la kitu na moja la hatima yake. Taka za uchimbaji huyabana yote mawili katika jina moja.

Kwa nini kifusi? Kwa sababu neno hili tayari linafanya kazi. Dar es Salaam mwenye kiwanja bondeni huagiza tipa za kifusi ili ainue msingi kabla ya mvua. Dereva, fundi na mnunuzi wanajua wanazungumzia mali yenye bei. Atakayepinga atakumbusha kwamba ghorofa likiporomoka pia tunasema watu wamefukiwa na kifusi, na kwamba kifusi kinachouzwa mara nyingi hutoka machimboni, si barabarani. Ni kweli, na ndiyo maana sipendekezi neno likae peke yake. Kifusi cha uchimbaji kinatofautishwa na kifusi cha ubomoaji kwa chanzo chake, na kifusi cha machimbo ni kile kilichochimbwa kwa makusudi ya kuuzwa. Udongo wa ziada, pendekezo jingine linalosikika, unayasahau mawe na haufai kabla hesabu ya kukata na kujaza haijakamilika.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba jina laini litawapa mwanya wanaomwaga mizigo usiku kwenye mabonde na mikondo ya maji. Hofu hiyo ina msingi. Tarehe 3 Julai 2021, mjini Atami, Japani, lundo la udongo uliorundikwa juu ya bonde liliporomoka kwa mvua na kuua watu 28. Lakini tazama Japani ilijibu vipi: sheria iliyoanza kutumika Mei 2023 ililenga malundo yenyewe na mahali yanapowekwa, iwe shambani, msituni au kwenye makazi. Udongo hauhitaji sumu ili uue. Kanuni inayotegemea neno taka pekee itauruhusu udongo safi upite, hata ukiwa unaelekea kwenye korongo lililo juu ya nyumba za watu. Kinachomzuia mmwagaji ni karatasi inayofuatana na tipa kutoka katapila hadi tuta, na mtu anayewajibika kuisaini.

Mpaka wa neno nao usiachwe wazi. Lami iliyokwanguliwa na zege iliyovunjwa si kifusi cha uchimbaji. Zina njia zake za kurejelezwa na hatari zake, hasa pale lami ya zamani ilipotengenezwa kwa makaa ya mawe. Vipande vichache vilivyochanganyika na udongo vinaweza kuvumiliwa, na Italia imeweka kikomo cha asilimia 20 ya uzito kwa vitu vilivyotokana na binadamu katika udongo wa kujazia. Kwa hiyo ningependekeza kanuni ziseme hivi: kifusi cha uchimbaji ni udongo na mawe yaliyotolewa ardhini wakati wa kazi ya ujenzi ambayo lengo lake si kuyapata, kitakuwa taka pale mwenye nacho atakapokitupa, vipimo vitakapokikataa kwa matumizi yaliyotajwa, au muda wa kuthibitisha matumizi hayo utakapopita bila uthibitisho.