Darubini Zilizozaliwa Kiwandani

Mwaka 1920, katika mji mdogo wa Springfield, jimboni Vermont nchini Marekani, wanaume 15 na mwanamke mmoja walianza kujifunza kusaga vioo vya darubini. Wengi wao walikuwa wafanyakazi wa Jones & Lamson, kiwanda cha mashine za kukereza vyuma, na ajira hiyo ndiyo inayoeleza mengi ya yaliyofuata. Kioo cha darubini husagwa kwa mkono, kioo juu ya kioo, unga mkali ukiwa katikati, kisha husuguliwa hadi kasoro iliyobaki iwe ndogo kuliko urefu wa wimbi la mwanga. Kazi hiyo haidai shahada. Inadai subira na mkono uliozoea kupima tena na tena, na mafundi wale walikuwa wakiishi kwa sifa hizohizo. Desemba 1923 wakaunda chama chao, Springfield Telescope Makers, wakajenga nyumba ya chama, Stellafane, juu ya kilima nje ya mji.

Yupo atakayesema kwamba yote hayo ni ya mtu mmoja, Russell W. Porter, msanifu majengo aliyewahi kusafiri na misafara ya Aktiki, aliyewafundisha. Au ya James Hartness, mkuu wa kiwanda aliyekuja kuwa gavana na aliyekuwa na darubini yake nyumbani. Porter alikuwa mwalimu hasa, na heshima yake haipunguzwi. Lakini mwaka 1928 alihamia California kusaidia ubunifu wa darubini kubwa ya Palomar, na chama hakikufa. Kwa mchoro wake, mwaka 1930 kilimani palijengwa darubini yenye kioo cha inchi 12, ambayo vioo vyake hukaa nje na mtazamaji hukaa ndani, amekingwa na baridi ya Vermont. Mwalimu huanzisha, kudumu ni kazi ya wanafunzi.

Hoja nzito zaidi ni kwamba ufundi huo haukuanzia Springfield, kwani mwanaastronomia William Herschel alisaga vioo vyake Uingereza tangu karne ya 18. Ni kweli, ila huko Springfield ulifanywa mali ya wote. Novemba 1925 Albert Ingalls aliuandika katika jarida la Scientific American, na mwaka uliofuata wasagaji vioo wakaanza kukutana Stellafane wakati wa kiangazi, wakionyeshana kazi zao. Mwaka 1989 serikali iliitambua Stellafane kuwa Alama ya Kihistoria ya Taifa, na mafundi wa kiwandani wanastahili heshima hiyo sawa na Porter.