Picha ya Biharusi: Nani Apige, Nani Aone



Ziko harusi za watoto wetu ambazo bibi aliye Wete au Mkoani hawezi kuzihudhuria. Wapemba tumefungua maduka bara nzima, na wenzetu wengine wako mpaka Mpanda, mkoa wa Katavi, na mabinti wanaolewa huko huko. Bibi avuke bahari mpaka Dar es Salaam, apande treni ya Reli ya Kati mpaka Tabora, asonge Kaliua, halafu ashuke na lile tawi la kusini linalovuka mto Ugalla, lililojengwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. Magoti hayamruhusu. Harusi itamfikia kwa picha, kwenye simu ya mjukuu.

Na Ugalla yenyewe ukiitafuta kwenye picha utaona viboko, misitu ya miombo na sokwe. Tangu 2019 sehemu yake ni hifadhi ya taifa. Watu wake na harusi zao huwaoni kirahisi.

Ndiyo maana tunataka kuzungumza juu ya hizi picha za matukio ambazo maharusi wanaziulizia sana. Mpiga picha hasemi "geuka, cheka, shika ua". Anakaa pembeni, anafuata mambo yanavyokwenda: shangazi anayelia, mtoto aliyelala juu ya mkoba, mikono inayosugua singo. Wengine wanaona ni usasa tu. Wengine wanaogopa, na hofu yao ina asili yake. Tuitazame.

Kamera iliingia Unguja mapema. Katika karne ya 19 A. C. Gomes, aliyetokea Goa, alikuwa na studio mjini, na baadaye wakaja wengine. Vifaa vilikuwa vizito, picha ilichukuliwa kwenye kioo, na mtu alitakiwa kutulia kama nguzo. Mwanzoni mwa karne ya 20 studio hizi zilitengeneza postikadi, na katika postikadi hizo wamo wanawake wa hapa wamekalishwa, wamevishwa, wamesukwa. Chini yake pameandikwa kitu kama "mrembo wa Zanzibar". Jina lake hakuna. Kadi ilinunuliwa na msafiri, ikabandikwa stempu, ikaenda Ulaya. Yeye aliyekaa mbele ya kamera hakuulizwa iende kwa nani.

Hata Seyyida Salme, binti wa Sultani Said, aliyezaliwa Mtoni 1844, picha yake tunayoijua sote akiwa na mavazi ya kwao ilipigwa Hamburg, alipokwisha kuolewa na Heinrich Ruete na kuitwa Emily. Nguo ni za nyumbani. Chumba ni cha Ujerumani. Kila tukiitazama tunajiuliza alikuwa akiwaza nini.

Kwa hiyo bibi zetu waliposema kamera isiingie ndani, hawakuwa washamba. Walikuwa wameona picha ya mwanamke inavyoweza kutembea bila mwenyewe.

Mwaka 1930 Ranchhod T. Oza alifungua Capital Art Studio katika Mji Mkongwe, na baadaye mwanawe Rohit akaiendeleza. Mombasa walikuwa na studio ya N. V. Parekh, Lamu walikuwa na Bakor. Hapo mambo yalibadilika kidogo, kwa sababu sasa mteja alikuwa sisi wenyewe. Mume na mke walikwenda studio wamevaa vizuri, wakasimama mbele ya pazia, yeye kakaa, mume kaweka mkono kwenye kiti. Picha ikatiwa fremu ukumbini. Tunazipenda picha hizi, na nyumba nyingi hazina nyingine.

Lakini ziangalie tena. Hazina harusi ndani yake! Hakuna somo wala kungwi. Hakuna asumini zilizotungwa usiku kucha, hakuna piko inayosubiriwa ikauke huku biharusi hawezi hata kujikuna pua, hakuna sufuria za pilau uani wala yule mama mwenye sauti anayeanzisha nyimbo. Kazi yote ya wanawake ilifanyika mahali ambapo kamera haikufika, na waliokuwa wakiikumbuka wanatutoka mmoja mmoja. Stara ilihifadhiwa, alhamdulillah, lakini kumbukumbu ilipotea nayo, na sisi hatukubali kwamba lazima moja imle mwenzake.

Huko Marekani, mtindo wa matukio ulipata sifa katika miaka ya 1990 kwa wapiga picha kama Denis Reggie, waliofanya harusi kwa macho ya mwandishi wa habari. Picha yake inayojulikana zaidi ni ya 1996: John F. Kennedy mdogo anatoka kwenye kanisa dogo la mbao kisiwani Cumberland, Georgia, anaubusu mkono wa mkewe Carolyn Bessette. Hakuna aliyewapanga. Kinachotuvutia sisi ni jambo la pili: harusi ile ilikuwa ya siri, wageni wachache mno, na maharusi wenyewe ndio walioamua dunia ione nini. Watu maarufu kiasi kile, na bado walifunga mlango.

Kwetu mlango tunao tayari. Nikaha inafungwa msikitini kwa walii, bwana harusi na mashahidi wawili, huku biharusi yuko nyumbani kati ya wanawake. Ni harusi mbili kwa saa moja. Mpiga picha mmoja anayekimbia huku na huku atakosa zote mbili, kwa hiyo wawe wawili: mwanamume msikitini, mwanamke ndani. Wanakutana pale bwana harusi anapoingia, anaweka mkono kwenye utosi wa mkewe na kusoma dua. Hapo abaki yule wa kike peke yake, na apige mara moja au mbili bila taa ya kumulika. Dua si onyesho.

Kwenye kupamba, Mombasa na kwetu, familia nyingi hukusanya simu za wageni mlangoni. Tunaunga mkono. Ila kukusanya simu za mashoga halafu kumwachia mpiga picha azirushe picha zote mtandaoni kujitangazia kazi ni kufunga dirisha na kuacha paa wazi. Mkataba uandikwe kabla ya kutoa arubuni: nani anabaki na faili, zipi hazitoki nje, lini zinafutwa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na sura yako ni taarifa yako.

Halafu mwambie mpiga picha unachokitaka hasa, maana asiyeijua harusi yetu atasubiri keki. Mwambie mikono: ya singo, ya hina, ya anayekunja kanga za zawadi, ya mama anayehesabu sahani. Mikono na migongo inasimulia mengi bila kufichua nywele za mtu. Mwambie apige stesheni wageni wanapofika na mizigo, apige uani asubuhi kabla watu hawajavaa vizuri (wakiridhia), apige viatu mlangoni.

Zikiwa tayari, chache zitiwe kwenye albamu ya karatasi. Za simu zitapotea na simu. Albamu ifungwe kwenye kanga, apewe mtu muaminifu anayepanda treni Mpanda, aivushe kwa boti mpaka Pemba, amkabidhi bibi mkononi. Majina ya waliomo yaandikwe nyuma ya kila picha, kwa kalamu ya wino.