Voi, njia panda ya reli Taita Taveta

Voi ndio mji mkubwa zaidi katika Kaunti ya Taita Taveta nchini Kenya. Uko kwenye barabara kuu ya Mombasa–Nairobi, ukielekeana na Milima ya Taita upande wa magharibi. Mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, zilizotengwa mwaka wa 1948, zimechukua takriban asilimia 62 ya ardhi ya kaunti. Kwa hivyo, njia za usafiri ni chache na kila moja ina thamani kubwa kwa wakazi.

Mji huu ulikuzwa na reli. Ujenzi wa Reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka wa 1896. Kufikia 1898 kazi ilikuwa imepita Voi na kufika Mto Tsavo, ambako simba wawili waliwaua vibarua kadhaa. Reli iliingia Nairobi mwaka wa 1899 na kufika Kisumu mwaka wa 1901.

Voi iligeuka njia panda wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Wajerumani waliiteka Taveta Agosti 1914, na mwaka uliofuata Waingereza wakaanza kujenga tawi la reli kupitia Mwatate na Maktau ili kusafirisha wanajeshi na silaha. Mwaka wa 1916, baada ya Taveta kutwaliwa tena, tawi hilo liliunganishwa na reli ya Tanga–Moshi huko Kahe.

Baada ya vita, njia hiyo ilihudumia abiria na mizigo. Hata hivyo, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka wa 1977, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na shirika la pamoja la reli likagawanywa. Tawi likadhoofika hadi treni zikakoma.

Reli mpya ya Mombasa–Nairobi ilizinduliwa Mei 31, 2017, nayo ina stesheni Voi. Upana wake ni milimita 1,435, ilhali tawi la Taveta lilijengwa kwa milimita 1,000, hivyo behewa la njia moja haliwezi kupita kwenye nyingine.

Kwa sababu hiyo, abiria anayeshuka Voi akielekea Wundanyi, Mwatate au Taveta hana budi kupanda matatu. Nazo ndizi za mkulima wa Taveta husafirishwa kwa lori zaidi ya kilomita 100 kabla ya kuifikia reli.