Safu ya Lugha: Ukakasi
Mnywaji wa Sinza au Mbagala akionja mvinyo mwekundu wa Dodoma kisha akakunja uso, husema ni "mkali" au "mchungu". Mara nyingi anachokisikia si ukali wala uchungu. Ni ukakasi: ile hali ya ulimi kukauka na kukwaruza, kama baada ya kung'ata bibo. Uchungu ni ladha, ukakasi ni mguso. Chanzo chake ni tanini za maganda na mbegu za zabibu, ambazo hushikana na protini za mate na kuuondolea mdomo utelezi wake. Ndiyo maana mvinyo mwekundu wa Burgundy, Ufaransa, unaotokana na zabibu za Pinot Noir zenye ganda jembamba, kwa kawaida huwa na ukakasi mdogo na haumwelemei kuku wa kuchoma. Wenye ukakasi mwingi hufaa zaidi nyama choma iliyonona, kwa kuwa protini na mafuta yake huupunguzia makali.

Wapo watakaosema neno hili limeshatekwa na wanasiasa na magazeti, ambako "jambo lina ukakasi" maana yake lina utata. Lakini maana hiyo imezaliwa na ile ya mdomoni, wala haijaifuta. Wengine watapendekeza tuseme "tanini" tu. Hilo ni jina la kemikali, halimwelezi mtu anachohisi. Mhudumu akisema, "Huu hauna ukakasi sana, chukua na kuku," ataeleweka Temeke nzima.