Karatasi Iliyoandikwa kwa Mkono

Ziko karatasi zilizodumu karibu miaka mia nane bila mlinzi wala sanduku la chuma. Miongoni mwake ni zile zilizoandikwa kwa mkono wa Abraham bin Musa wa Misri, aliyezaliwa mwaka 1186 na kufariki mwaka 1237. Baba yake ndiye yule tabibu na mwanafalsafa wa Kiyahudi ambaye Wazungu humwita Maimonides. Mwana naye alikuwa tabibu, tena kiongozi wa Mayahudi wa Misri, lakini moyo wake uliegemea zaidi kwenye ibada ya ndani: kukesha, kufunga, kujitenga na kusujudu. Aliwasifu waziwazi masufii wa Kiislamu, akiona kwamba wamehifadhi mwenendo wa manabii wa kale. Kitabu chake kikubwa alikiita Kifayat al-Abidin, yaani kinachowatosha wenye kuabudu.

Msomaji atauliza: karatasi za mtu huyo zilisalimikaje? Jibu ni desturi. Mayahudi hawakuruhusu maandishi yenye jina la Mungu yatupwe jalalani. Yalipochakaa, yaliwekwa katika chumba maalumu kilichoitwa geniza. Katika sinagogi la Ben Ezra, kule Fustat, ambako ni Kairo ya kale, watu walizidisha desturi hiyo. Waliingiza humo barua, hesabu za wafanyabiashara, mikataba ya ndoa, hata mazoezi ya watoto wa shule. Nchi ile ni kavu, basi karatasi hazikuoza. Mwishoni mwa mwaka 1896 mwalimu mmoja wa Cambridge, Solomon Schechter, alikwenda huko akapewa ruhusa ya kuzichukua. Leo vipande 193,000 hivi vimo katika maktaba ya Cambridge. Wasomi wamekwisha kuuzoea mwandiko wa Abraham kiasi kwamba wanaweza kuutambua hata katika barua fupi ya kuamua shauri la watu wawili.

Jambo moja lanivutia zaidi. Abraham aliandika Kiarabu, lugha ya nyumbani na sokoni, lakini mara nyingi kwa herufi za Kiebrania, herufi za sala. Nasi huku tulifanya jambo la namna hiyo: wazee wa Pwani waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, herufi walizofundishwa chuoni walipokuwa wakisoma Kurani. Kwa herufi hizo Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mwanachuoni wa Pate, alituachia Al-Inkishafi mwanzoni mwa karne ya 19. Humo anausemesha moyo wake mwenyewe. Anauonyesha majumba ya Pate yaliyokuwa na taa na wageni, sasa yamekuwa makao ya popo, ili moyo uache kughurika na dunia. Naamini Abraham angemwelewa mara moja.

Lakini Pwani si Misri. Kuna unyevu, kuna chumvi, kuna mchwa. Karatasi iliyowekwa tu katika chumba haifiki mbali. Kilichoziokoa tungo zetu ni mkono wa mnakili, aliyeandika upya kabla ya karatasi ya kwanza kuliwa. Mashuhuri miongoni mwao ni Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, mshairi, mchonga milango na mwandishi wa hati nzuri mno. Aliwanakilia tendi watafiti wa Kizungu kama Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann. Hichens alichapisha Al-Inkishafi mwaka 1939. Kazi za mkono wa Kijuma zimo London na Ujerumani hadi leo. Hapa kwetu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kina hazina ya miswada ya namna hiyo, iliyokusanywa sana na J.W.T. Allen.

Basi karatasi huokolewa kwa njia mbili: kutokutupa, na kunakili. Nimeziangalia njia hizo kwa sababu ya yaliyotokea hapa Hamugembe.

Jumamosi tarehe 10 Septemba 2016, alasiri, tetemeko lilitupiga. Watu 17 walifariki katika mkoa wetu, na kata yetu ilikuwa miongoni mwa zilizobomoka vibaya. Wiki zilizofuata tulifukua vifusi. Kila mtu alitafuta mabati, sufuria, magodoro. Karatasi zilisukumwa pembeni pamoja na matope, kwani mvua hazikutusubiri tujenge. Mvua zetu, msomaji wazijua: karibu milimita 2,000 kwa mwaka.

Jirani yangu mmoja, mjane, alikuwa akiwashia moto daftari la marehemu mumewe. Nilimwomba anionyeshe. Zilikuwa zimebaki kurasa nne. Ya tatu ilieleza, kwa mwandiko wa kalamu ya wino, kipande cha kibanja alichonunua mzee huko Muleba mwaka 1968: bei, mahali ilipopandwa miramura ya mpakani, na majina ya mashahidi watano waliotia dole gumba. Wote watano walikuwa wamekwisha kufa. Nilikaa nikanakili kurasa zote mara mbili, nikaziweka zile za asili katika kopo kavu.

Miaka miwili baadaye shemeji zake walidai kwamba kipande kile ni cha ukoo, na kwamba mjane hana chake. Wazee walikutana. Mimi sikuwa na la kusema, kwa kuwa si wa ukoo wao. Ila kopo lilifunguliwa, na mzee mmoja, aliyesoma na marehemu darasa moja, akasema, "Huu ni mkono wake." Mama yule yumo kibanjani mpaka sasa, analima kahawa na migomba.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nilipokuwa mkufunzi niliwaagiza wanachuo, kila likizo, warudi na nakala ya andiko moja la zamani kutoka kwao: barua, orodha ya mahari, nasaba ya ukoo. Walitakiwa kuandika jina la mwandishi, mwaka, na mahali lilipokuwa. Wengine walinung'unika. Leo nawaomba wajukuu wao kazi ile ile. Siku mnapofagia nyumba ya babu baada ya matanga, someni kwanza, nakilini, halafu ndipo muamue cha kuchoma.