Maji ya Murang'a, Mfereji wa Nairobi na Mitaro ya 1948

Uzi mrefu kidogo. Vumilieni.

Siasa ikipamba moto, kuna hoja mbili za maji ambazo hazikosi jukwaani. Ya kwanza utaisikia Murang'a: "Maji ni yetu, Nairobi ilipe!" Ya pili utaisikia Garissa na Tana River mvua ikizidi: "Wamefungulia mabwawa, wametuzamisha!" Watu huzijadili kama kesi mbili tofauti. Kwangu mimi ni kesi moja, kwa sababu mto ni uleule, Tana, na sehemu kubwa ya ugomvi inaanzia kwenye vilima vya juu na jinsi vinavyolimwa.

Sitataja mwanasiasa wala chama. Mnajua kanuni za hapa.

Kwanza ramani. Tana inaanzia Aberdare na Mlima Kenya, inateremka kama kilomita 1,000 hadi Kipini, Bahari ya Hindi. Nairobi haimo kabisa katika bonde hilo. Nairobi iko bonde la Athi. Mji ulianza na chemchemi za Kikuyu, ukakua, ukaenda kuchota Ruiru, bado hayakutosha, ndipo ukavuka hadi bonde la jirani. Sasumua lilijengwa 1956. Ndakaini, lenye nafasi ya mita za ujazo milioni 70, likakamilika 1994. Leo ukifungua mfereji Umoja au Kilimani, karibu kila tone limetoka juu ya Tana. Kwa hivyo anayesema Murang'a inainywesha Nairobi hajatia chumvi.

Lakini mvua kunyesha Murang'a si kazi ya mtu. Kazi iko kwa kinachofuata baada ya mvua kugusa ardhi. Udongo wa vilima vile ni mwekundu na una kina kirefu. Ukifunikwa na msitu, majani ya chai au kahawa iliyowekewa matandazo, mvua ya Aprili inazama polepole, halafu inatokea kwenye chemchemi miezi baadaye, Januari na Februari, wakati mbingu zimefunga. Ukiuacha wazi kwenye mteremko mkali, maji yanateleza juu yake na kuondoka nao. Mto unajaa siku mbili, rangi ya matofali, kisha kiangazi kikija unavuka bila kuvua viatu. Mvua ni ileile. Kilichobadilika ni shamba.

Wataalamu wanaita hiyo huduma ya mfumo wa ikolojia. Neno refu. Maana yake tu ni kwamba kilima kinasafisha maji, kinayaweka akiba, na hakitumi bili. Shida ni kwamba kilima kina mwenyewe, na huyo mwenyewe ana karo ya kulipa.

Hapo ndipo historia inaingia. Miaka ya 1930 na 1940 watu walikuwa wamebanwa kwenye maeneo ya akiba, ardhi nyingi nzuri ikiwa mikononi mwa walowezi. Waliobanwa walilima kila kipande, hata miteremko ambayo zamani ingepumzishwa. Udongo ukaanza kukimbia. Serikali ya kikoloni, iliyokuwa imeshtushwa na habari za dhoruba za vumbi kule Marekani, ikasema Mwafrika hajui kulima. Nani alimbana huyo Mwafrika kwenye kilima? Hilo halikuulizwa sana.

Baada ya Vita vya Pili ikaja amri ya mitaro. Murang'a, wakati huo Fort Hall, watu walitakiwa kutoka asubuhi mbili kila wiki kuchimba kwa pamoja, bila malipo. Na "watu" hapa someni wanawake, maana wanaume wengi walikuwa Nairobi au kwenye mashamba ya walowezi wakitafuta pesa ya kodi. Mitaro yenyewe mara nyingi ilikuwa ya haraka, matuta membamba ambayo mvua kubwa moja ilitosha kuyavunja. Ukivunjika, unaanza upya.

Julai 1947 kulikuwa na mkutano mkubwa wa hadhara Murang'a, ikakubaliwa kwamba wanawake wasichimbe tena. Kazi karibu isimame kabisa. Mwaka wa 1948 wanawake kwa maelfu waliandamana hadi makao makuu ya wilaya, wakiimba na kucheza, kutangaza kwamba hawatachimba wala kupanda nyasi kwenye mitaro. Sisi tunasoma historia ya kupigania uhuru kama ya misitu na bunduki. Hawa walianza na jembe, kwa kuliweka chini.

Kisha ikaja Hali ya Hatari, 1952. Watu wakahamishiwa vijijini kwa nguvu, wakachimbishwa handaki refu kando ya msitu wa Aberdare na Mlima Kenya, na mitaro ikarudi kama adhabu. Kwa hivyo usishangae kwamba uhuru ulipofika kuna waliofurahi kuiona ikibomoka. Si ujinga wa mazingira. Mtaro ulikuwa na uso wa chifu na askari.

Sasa angalieni kilichofanyika upande wa pili. Mpango wa Swynnerton wa 1954 uliwapa wakulima hatimiliki na kuruhusu wengi zaidi kulima kahawa. Kahawa ya mteremkoni ilitaka ngazi pana, zilizochimbwa vizuri, na matandazo chini. Vilima vilevile, na mara nyingi wanawake walewale, lakini sasa ngazi zilichimbwa na zikatunzwa. Kwa nini? Kwa sababu zilikuwa na hela. (Hela zenyewe mara nyingi zilipokelewa na aliyeandikwa kwenye hatimiliki, yaani mzee. Hiyo ni kesi nyingine, nitaileta siku moja.) Kuanzia 1974 serikali, kwa msaada wa Sweden, ikaendesha mpango wa kitaifa wa kuhifadhi udongo, na mtaro wa "fanya juu", ule unaotupa udongo upande wa juu ili shamba lijisawazishe lenyewe, ukaenea sehemu nyingi.

Halafu Julai 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukishikilia bei ya kahawa ukavunjika. Bei ikaporomoka. Sheria ilikataza kung'oa mikahawa bila ruhusa, basi wengine wakaiacha ikafa taratibu huku wakipanda mahindi na maharagwe katikati, na wengine waking'oa kimyakimya. Mashamba yakagawanywa kwa watoto, ekari mbili zikawa nusu nusu. Mwenye nusu ekari hawezi kutoa mistari miwili ya mahindi apande nepia kwa ajili ya mtu wa Kilimani ambaye hajui hata jina lake. Kanuni za kilimo za 1965 zilikataza kulima mteremko unaozidi asilimia 35. Nendeni mkaone Kangema na Mathioya ni nani ameisoma.

Udongo huo unaenda wapi? Sehemu inafika mitambo ya kusafisha maji ya Nairobi, ambako matope yanamaanisha dawa nyingi zaidi. Sehemu inaingia Masinga. Bwawa la Masinga lilimalizika 1981, likiwa na nafasi ya mita za ujazo zipatazo bilioni 1.5, likihifadhi maji ya kuzalisha stima hadi Kiambere, lililomalizika 1988. Udongo ulioingia ulizidi makadirio ya waliolichora. Kila tani inayotua chini inachukua nafasi ya maji.

Na hapo ndipo tunafika Garissa. Kabla ya mabwawa, Tana ilifurika kwa kawaida mara mbili kwa mwaka, na Wapokomo walipanda mpunga na ndizi kwenye tope lililoachwa. Mafuriko yale yalikuwa mbolea. Sasa yale madogo ya kawaida yamepungua, na sehemu ya tope imenaswa juu. Makubwa bado yako. Masinga na wenzake wakijaa, kama 2018 na 2024, maji ya ziada lazima yapite, hakuna mahali pengine pa kuyaweka. Kwa hivyo anayelia kule chini ana haki ya kulia, lakini swali lake lisiishie kwa mhandisi wa bwawa. Lipande hadi kilimani.

Turudi kwa "Nairobi ilipe". Nakubaliana nayo. Ila nauliza, imlipe nani? Mswada wa kugawana manufaa ya rasilimali asili umerudi Bungeni zaidi ya mara moja, na mabishano mengi huwa ni asilimia ngapi iende Hazina na ngapi iende kaunti. Kaunti haina mteremko. Kaunti haichimbi fanya juu. Tulipobishana juu ya handaki la chini ya ardhi la kilomita 11.8, linalochukua maji ya Maragua, Irati na Gikigie hadi Ndakaini, ilikuwa vilevile: maji ya nani, nani aliidhinisha, kutakuwa jangwa ama hakutakuwa. Mwenye nusu ekari hakuwa kwenye hesabu.

Kuna jaribio moja la njia nyingine. Mfuko wa maji wa Tana ya juu na Nairobi ulizinduliwa 2015: wanaotumia maji chini wachangie, mkulima wa juu asaidiwe kupanda nyasi, kuchimba mitaro na kuvuna maji ya mvua. Napenda wazo lake, kwa sababu linaanza na mkulima. Lakini ni mchango wa hiari wa mashirika na kampuni, si haki iliyoandikwa kwenye bili yako ya maji, na mtu wa Hola au Garsen hana pa kuingilia. Yeye anapokea kinachobaki baada ya Nairobi kunywa na mabwawa kushiba.

Wenye maswali leteni hapa chini, hasa nyinyi wa Tana River. Kwenye mijadala ya runinga huwa hamwalikwi.